Fungu la Mama

Siku Baba Mdogo alipokuja kugawa nyumba, alivaa suti yake ya kazini, ingawa kazi yenyewe alikwisha kustaafu. Alikuwa karani wa mahakama. Kwa kuandika maneno ya mahakimu maisha yake yote, alifika mahali akayaona ni yake. Aliketi nyuma ya kaunta ya duka, kwenye stuli ya marehemu kaka yake, akasafisha koo, akasema wamekutana kwa ajili ya mgawanyo wa mali isiyohamishika.

"Yaani nyumba," akasema Chachu.

"Nyumba ni mali isiyohamishika."

"Basi sema nyumba, Baba Mdogo. Mama naye aelewe."

Mama yao alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa korido, mikono mapajani. Alikuwa anaelewa vizuri tu. Hakuna aliyemgeukia.

Chachu halikuwa jina alilozaliwa nalo, ila ndilo lililobaki. Baba yake, mwoka mikate, alimwita hivyo tangu utotoni kwa sababu ukimuudhi alikuwa haangui kilio kama watoto wengine. Alivimba polepole, kimya kimya, mpaka unashangaa chumba kimejaa yeye. Alikua akifanya kazi na baba yake, akaolewa, akaachika, na kesho yake baada ya kurudi nyumbani alifunga kitambaa kichwani akaendelea kukanda unga kama mtu aliyekwenda dukani mara moja.

Kaka yake walimwita Meneja. Alikuwa ameajiriwa miaka mingi kwenye duka kubwa la samani, na hata siku moja hakuwa meneja, lakini alikuwa na namna ya kutia mikono mfukoni na kutazama dari ambayo watu waliiona ya kimeneja. Baba alipougua, Meneja alirudi na mkewe kusaidia duka. Ndivyo alivyosema, kusaidia. Baada ya maziko neno hilo halikusikika tena.

Nyumba ilikuwa moja ndefu chini ya paa moja la mabati. Mbele kulikuwa na duka na kibaraza chake kando ya barabara. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo na vyumba viwili alivyokaa Meneja na mkewe. Kisha ikaja korido, na chumba cha mama kikifungukia kwenye korido hiyo. Mwisho kabisa kulikuwa na chumba cha kukandia, kitanda cha Chachu nyuma ya pazia, na tanuri la matofali lililojengwa na babu yao, limeegemea ukuta wa uchochoroni.

"Mimi nimefikiria hivi," Meneja akasema kabla Baba Mdogo hajafika mbali. "Nyumba ibaki chini ya mkono mmoja, isikatwekatwe. Mdogo wangu aendelee na kazi yake, chumba anacho, na kila mwezi tutamtengea posho."

"Posho anapewa mtu wa kazi," Chachu akasema.

"Basi tuseme mgao," Baba Mdogo akaingilia kwa upole wa kiofisi.

"Mgao ni wa umeme. Leo unao, kesho uko gizani."

Mke wa Meneja akacheka bila kutaka. Mumewe alimtupia jicho, naye akakimeza kicheko.

"Ruzuku, basi," akasema Baba Mdogo. "Au tuseme gawio."

"Baba Mdogo, usinizungushe. Kuna neno la mtu kupata kilicho chake, na wewe unalijua kuliko sisi wote. Nataka fungu langu."

Meneja alitoa mikono mfukoni. "Fungu lako? Nani alibaki hapa na baba wakati ule wewe uko kwa mumeo?"

"Mimi nilikuwa kwa mume, wewe ulikuwa unauza makochi. Tulimwacha wote. Ila mimi nilirudi hajaanza kuumwa."

Waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Walikumbushana viatu vya shule, ada, harusi, nani alimpeleka baba hospitali kwa gari na nani alimwosha miguu. Baba Mdogo alinyoosha kiganja mara kadhaa kama anazuia magari. Mwishowe alichoka, akalitamka neno lile kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye chakula: fungu la kwanza, la mtoto wa kwanza, ni duka, stoo na vyumba vyake, fungu la pili, la mtoto wa pili, ni chumba cha kukandia pamoja na tanuri. Meneja alikubali upesi. Upesi huo ungepaswa kumshtua Chachu, lakini yeye alikuwa bado ana joto la kushinda, na aliona mambo yamekwisha.

Wiki iliyofuata lilisimama gari mbele ya duka, ikashushwa mikate ya kiwandani, imefungwa kwenye nailoni, myeupe, laini, yote inafanana kama mapacha. Chachu alikuwa anatoka koridoni na trei ya kwanza ya asubuhi begani. Alikuta rafu zimejaa.

"Hii niweke wapi?" akauliza.

"Weka tanurini," Meneja akajibu. "Fungu lako ni tanuri. Duka ni langu, naweka ninachotaka."

"Kaka, watu wanakuja hapa kwa mkate wa baba."

"Baba hayupo. Na hii haiungui, hailali, haivimbi hasira." Alitazama dari. "Kingine, mlango huu wa koridoni nitaufunga. Siwezi kuwa na mtu anakatiza dukani kwangu na matrei."

Akaufunga kweli kwa kufuli jipya. Mama peke yake alipewa ufunguo, ili aweze kwenda kuketi kibarazani asubuhi kama alivyozoea. Kwa hiyo Chachu alikuwa na tanuri lisilo na mlango wa kutokea, mtu wa kununua mikate akitaka kumfikia itabidi atoboe ukuta. Chachu akautoboa yeye. Alimwita fundi mwashi, wakakata mlango kwenye ukuta wa uchochoroni, wakaweka dirisha dogo pembeni na ubao wa kuegemea mikono. Siku tatu Meneja alipita kule nyuma akitazama vumbi la matofali bila kusema neno, na watu waliomfahamu walijua kwamba hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi.

Wateja walizoea uchochoro haraka kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Harufu iliwaongoza. Asubuhi walijipanga pale penye mitaro na paka, wanafunzi, madereva, wauguzi waliotoka zamu, na kule mbele mikate ya nailoni ikakaa rafuni ikisubiri. Wakati fulani Meneja alisimama kibarazani akahesabu watu waliokuwa wakikunja kona kwenda nyuma. Mkewe alimwambia aache. Akamwambia yeye mkewe ndiye aache.

Ugomvi wa bomba ulianza hapo. Bomba la moshi la tanuri lilikuwa halipandi juu moja kwa moja. Babu yao, kwa kuwahurumia majirani wa uchochoroni, alilikunja likapita chini ya dari ya stoo ndipo likatokeza juu ya paa upande wa mbele. Tangu hapo stoo ilikuwa na joto, na zamani hilo lilikuwa jambo jema kwa sababu unga haukupata unyevu. Lakini mkate wa nailoni na joto havikai pamoja. Ulitoa jasho ndani ya mfuko, ukaota ukungu wa kijani. Meneja alitupa mzigo mzima, halafu mwingine.

Akaenda nyuma kupitia uchochoroni, akasimama dirishani kama mteja.

"Hamisha bomba lako."

"Bomba ni sehemu ya tanuri," Chachu akasema. Alikuwa anakata unga vipande na kuviringisha madonge, hakusimamisha mikono.

"Liko kwenye stoo yangu."

"Nawe ulikubali fungu lako likiwa na bomba ndani. Mimi nilikubali langu likiwa halina mlango."

"Baba Mdogo alisema tanuri. Hakusema bomba."

"Tanuri bila bomba ni nini, kaka? Ni kaburi la kuni."

"Hamisha," alirudia Meneja, "au nitajua cha kufanya."

"Fanya." Akamsogezea mkate mmoja kwenye ubao wa dirisha. "Huu chukua, umeungua kidogo. Siuzi vilivyoungua."

Walikuwepo watu wanne nyuma yake wakisubiri kununua, na wote walisikia. Meneja aliondoka bila mkate.

Jumapili hiyo Chachu alikwenda kutafuta kuni. Meneja alipanda juu ya paa na magunia, akayachovya kwenye ndoo ya maji, akayashindilia mdomoni mwa bomba kwa mpini wa fagio mpaka yakakaza. Mkewe alimshikia ngazi. Baadaye alikuja kusema kwamba alidhani anaziba tundu la mvua, lakini hakuna aliyemwamini, na pengine hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Jumatatu asubuhi Chachu aliwasha tanuri. Moto ulishika vizuri, kisha moshi ukageuka. Ulirudi kama maji ya mtaro uliozibwa, kwanza kwenye mdomo wa tanuri, halafu ukapanda darini, halafu ukashuka. Alielewa mara moja. Hakuhitaji kupanda juu kuona.

Alichotakiwa kufanya ni kuvuta kuni nje na kumwagia maji. Maji yalikuwapo, ndoo ilikuwa mguuni pake. Lakini alikuwa ameshavimba. Aliona rafu za kaka yake, nailoni zake, stuli ya baba yake iliyokaliwa na mtu anayetazama dari. Akalifunga dirisha la uchochoroni, akafungua kabisa mlango wa koridoni upande wake. Alijua kufuli la kule mbele lilikuwa juu ya mlango wenye uwazi mkubwa chini, unaoweza kupitisha paka. Kisha akaongeza kuni mbichi motoni, akajifunga kanga puani, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama uchochoroni na mikono kiunoni.

Kuhusu mama alijiambia kwamba saa hiyo huwa kibarazani. Hakwenda kutazama.

Mama hakuwa kibarazani. Usiku kifua kilimbana, na asubuhi alikunywa chai akarudi kulala. Moshi ulipoingia chini ya mlango wake alidhani ni ndoto ya utoto, maana alizaliwa nyumba ya kuni. Alipoamka kweli hakuona kitanda chake. Alitambaa mpaka koridoni, akaenda upande wa dukani, akapapasa kufuli, na ufunguo alikuwa ameuacha chini ya mto.

Aliyesikia kugonga ni mke wa Meneja. Meneja alikuwa barabarani anapiga kelele kwamba mdogo wake anataka kuwachoma, na watu wamemzunguka. Mkewe alichukua jiwe la kuzuilia mlango, akavunja bawaba, akamvuta mama mkwe wake kwa mikono miwili mpaka kibarazani. Mama alikuwa mweusi puani na mdomoni. Alikohoa sauti ambayo Chachu, aliyekuwa ndiyo kwanza anazunguka kona kuja kuangalia jinsi kaka yake anavyoteseka, aliisikia akiwa bado hajamwona.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na benchi refu la mbao nje ya chumba cha matibabu. Meneja alikaa mwanzo wa benchi, Chachu mwisho wake, mke wa Meneja akasimama, na Baba Mdogo alipofika akiwa bado anafunga vifungo vya koti alikosa pa kukaa ila katikati. Pazia tu ndilo lililowatenga na kitanda ambapo mama alikuwa akivuta hewa kwa mashine. Mganga alisema ataishi, lakini kifua chake hakitakuwa kile cha zamani, na asikae tena penye moshi.

"Ameziba bomba," Chachu akasema.

"Amefungua mlango," Meneja akasema. "Ametia kuni mbichi. Watu wamezikuta."

"Usingeziba nisingefungua."

"Mimi nimeziba kitu changu. Wewe umemfukiza mama yako."

Baba Mdogo akanyoosha viganja viwili, kimoja kila upande. "Tusitafute mchawi. Kosa lipo pande zote, tuseme nusu kwa nusu. La muhimu sasa ni huyu mgonjwa. Lazima tuamue yuko kwenye fungu la nani."

"Chumba chake kinafungukia koridoni," Meneja akasema. "Korido inatokea kwenye tanuri. Yuko upande wake."

"Mganga kasema asikae penye moshi. Kwangu ni moshi mtupu. Atakuwa kwako."

"Kwangu vyumba viwili."

"Kwangu kitanda nyuma ya pazia."

"Basi tumgawe," Baba Mdogo akasema, akasikia alichokisema, akarekebisha haraka. "Namaanisha tugawane siku. Wiki huku, wiki kule."

Nyuma ya pazia mashine ilinyamaza. Mama alikuwa ameivua usoni. Alisema kwa sauti iliyokwaruza, neno moja moja, na wote wakasimama kama wanafunzi.

"Shemeji. Fungua hilo pazia."

Baba Mdogo akafungua.

"Siku ile ulisema fungu la kwanza. Ukasema fungu la pili. La tatu ulilitaja lini?"

"Shemeji, pumzika. Wewe ni mama yao. Utatunzwa."

"Sikukuuliza kutunzwa. Nimekuuliza fungu. Au neno hilo mnalijua kwa watoto tu?"

Baba Mdogo alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Nilikaa kwenye kile kiti," mama akasema. "Nikawasikiliza mnavyogombania miguu ya mume wangu, nani aliiosha. Niliiosha mimi. Nikasema acha, watanikumbuka mwisho. Mkamaliza mkanywa soda." Akavuta hewa. "Sasa nataka kujua. Nani aliziba?"

"Mimi," Meneja akasema.

"Nani alifungua mlango?"

Chachu alitaka kusema habari ya kibaraza, kwamba saa ile huwa yuko kibarazani. "Mimi, mama."

"Ulikuja kunitazama chumbani?"

"Hapana."

"Huyu anasema nusu kwa nusu," mama akamwonyesha Baba Mdogo kwa kidevu. "Kosa haligawanywi. Kila mmoja wenu analo zima, akalale nalo. Na mimi sitakaa kwa mtu. Nikirudi nyumbani nitawaambia fungu langu ni lipi."

Alirudi baada ya siku chache, kwa miguu yake, akikataa mkono wa kila mtu isipokuwa wa mke wa Meneja. Alisimama barabarani, akainua uso akaitazama nyumba kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kuinunua. Baba Mdogo alikuwepo, bila suti safari hii.

"Mmegawana vyumba," mama akasema. "Chumba changu ni changu, nilikiingia nikiwa bibi harusi, hicho sikiombi. Lakini hakuna aliyetaja paa. Nachukua paa."

Meneja alicheka. "Paa utalifanyia nini, mama?"

"Linapoanza mpaka linapoishia, mbele na nyuma, na kivuli chake chote. Ndilo fungu langu. Shemeji, sema."

Baba Mdogo akatazama chini. "Fungu la tatu," akasema, na hakukohoa, "ni paa. La mjane."

"Sasa kuna uchafu juu ya paa langu. Aliyeuweka akautoe."

Meneja hakucheka tena. Alisema hawezi kupanda mchana wote huu watu wakimwangalia, ataita kijana wa kazi. Mama alisema ataita wa kwake kulivua paa bati moja moja kuanzia juu ya duka, kwa kuwa ni lake. Aliketi barabarani kwenye kiti cha plastiki akasubiri. Foleni ya uchochoroni ilikuwa imehamia mbele kuja kutazama, maana tanuri lilikuwa bado baridi. Meneja alipanda. Alilala kifudifudi juu ya mabati ya moto, akachomoa magunia yaliyogeuka masizi, na aliposhuka shati lake na uso wake vilikuwa na rangi moja. Chachu alikuwa amesimama kando ya ngazi. Mdomo ulimcheza.

"Unacheka nini?" mama akamuuliza. "Wewe bomba hilo utalihamisha, lipande juu moja kwa moja huko huko kwako. Kwenye stoo ya mwenzio lisipite. Na ule mlango wako wa uchochoroni uko chini ya ukingo wa paa. Kila unapouza mkate unauza kivulini kwangu. Nitakuambia unachotakiwa kunipa."

"Mama, nitakupa mkate kila siku. Hata usiseme."

"Sitaki mkate wako. Na wa nailoni sitaki. Nataka kodi, mwisho wa mwezi, kama mpangaji."

Ikawa hivyo. Chachu alilihamisha bomba kwa gharama yake, na tangu siku hiyo majirani wa uchochoroni hawakumsalimu kwa sababu ya moshi. Kibaraza cha mbele, kwa kuwa nacho kiko kivulini mwa paa, mama alikikodisha kwa fundi viatu, mtu mnene, mwenye redio, aliyetandaza soli na gundi na viatu visivyo na wenza mbele ya mlango wa duka mpaka mteja wa Meneja alilazimika kuruka ndipo aingie. Meneja alimwambia fundi asogee. Fundi alimwambia akaongee na mwenye paa. Meneja alikwenda kwa mama yake kwa mara ya kwanza tangu zahanati, akakaa chumbani kwake kwa muda, na alipotoka fundi hakusogea.

Mke wa Meneja peke yake ndiye aliyekuwa akiingia kwa mama bila kubisha hodi. Alimpelekea maji, akamkuna mgongo, akampaka mafuta kifuani. Mumewe alimuuliza wanazungumza nini muda wote huo. Alisema hawazungumzi. Siku moja alihamisha godoro lake kabisa akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha mama mkwe, na Meneja akabaki na vyumba vyake viwili.

Kaka na dada hawakusemeshana. Wakitaka kuambiana jambo, kama habari ya maji au ya panya, walimwambia fundi viatu, naye alilifikisha akiwa ameliongezea chumvi. Asubuhi, kabla ya kazi, kila mmoja kwa wakati wake alipita mlangoni kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi, imetosha. Hakuuliza umeamkaje, na ukiuliza wewe alisema ameamka.

Lililomkata Chachu maini halikuwa kodi. Ni kwamba mama yake alikuwa anakula mkate. Kila asubuhi alijitanda kanga, akatembea polepole, akisimama kupumua penye kila nguzo, mpaka kwenye kioski cha mtaa wa pili, akanunua mkate wa huko, akarudi nao mkononi bila kuufunga, akapita mbele ya duka la mwanawe na harufu ya tanuri la bintiye ikimfuata. Mjane wa mwoka mikate. Watu walimwona. Alitaka wamwone, au hakujali, Chachu hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo, na alilala akiliwaza.

Siku moja alishindwa kuvumilia. Alikuwa amemaliza kuoka, mikono bado ina unga, akaenda koridoni akasimama mlangoni kwa mama. Mama alikuwa kitandani, mkate mapajani juu ya gazeti, anaukata kwa kisu kidogo. Mke wa Meneja alikuwa anakunja nguo, akainuka kutoka, mama akamwashiria abaki.

Chachu aliutazama ule mkate. Ulikuwa umeungua upande mmoja, na pale kisu kilipopita ulishikamana na kisu.

"Mama," akasema, "huo ni mbichi katikati. Waliuharakisha. Utakuumiza tumbo."

"Najua," mama akasema. Akakata kipande kingine, akampa mkwewe, akala na chake.